Chuo kinataka kozi nne, mwili wangu unaweza tatu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanafunzi wa kike, mwaka wa tatu chuo kikuu, nasomea baiolojia. Nina selimundu (sickle cell), ugonjwa wa kurithi wa damu, tangu kuzaliwa. Mwaka wa kwanza nilienda vizuri. Mwaka wa pili hali ikabadilika: maumivu yakawa yananishika mara kwa mara, nikalazwa wakati wenzangu wanafanya majaribio ya katikati ya muhula, na kila nikitoka hospitali nakuta maabara zimepita. Kozi mbili nilifeli, sapu (mitihani ya marudio) nazo zikanishinda, kwa hiyo sasa nazikeri, yaani nazirudia pamoja na kozi za mwaka huu.

Daktari amenishauri nipunguze mzigo. Nimejipima, naona kozi tatu muhula huu naziweza. Tatizo ni kanuni ya chuo: mwanafunzi wa muda wote lazima asajili angalau krediti 12, yaani kozi nne za krediti tatu tatu. Kawaida yetu ni tano. Nasikia kuna msamaha unaoweza kuombwa, lakini kila ninayemuuliza ananipeleka kwa mwingine. Mhadhiri mmoja aliniambia tukiwa mlangoni, "Wewe sajili tatu tu, mbele tutaona." Rafiki yangu anasema nisajili nne, halafu moja niitelekeze kimya kimya. Baba anataka niahirishe mwaka mzima nirudi nyumbani nipumzike.

Nasoma kwa ufadhili na nakaa hosteli ya chuo. Halafu, Shangazi, darasani hakuna anayejua kuwa naumwa, na sipendi wajue. Dirisha la kubadili kozi linafungwa mwisho wa wiki ijayo. Nifanyeje?

Binti wa Mwaka wa Tatu

---

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa mwaka uliopita. Barua yako imenifikia wakati mzuri, kwa sababu wengi huniandikia mambo yakiwa yameshaharibika, wakitaka kujua namna ya kufuta F. Wewe bado una wiki moja na ushee, na wiki moja inatosha.

Nianze na lenye haraka. Ombi lako liwe limepokelewa kabla dirisha halijafungwa, hata kama halijakamilika. Andika barua leo, na ndani yake taja kwamba ripoti ya daktari inafuata na itafika tarehe gani. Kamati inaweza kukaa wiki tatu baadaye, hilo halina neno, mradi iwepo karatasi inayoonyesha kuwa uliomba ndani ya muda. Dirisha likishafungwa, kozi ile ile ikiachwa kwa ruhusa mara nyingi hubaki kwenye transkripti kama kozi iliyoachwa, na ikiachwa bila ruhusa hugeuka kuwa kufeli. Ukipeleka barua kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukituma kwa mfumo wa mtandaoni, tunza ule ujumbe wa uthibitisho.

Na mpaka jibu la maandishi lifike, usiache kozi yoyote. Sajili nne zinazotakiwa, ingia darasani zote kadiri mwili utakavyokuruhusu. Mhadhiri wako amesema kwa moyo mwema, nami sina shaka naye, lakini mamlaka ya kusamehe kima cha chini kwa kawaida hayako kwake. Yako kwa mkuu wa kitivo, au kwa kamati ya taaluma, au kwa msajili, kutegemea chuo. Neno la mlangoni halionekani kwenye kompyuta ya msajili. Mwombe mhadhiri huyo huyo aligeuze kuwa aya mbili za kukuunga mkono. Hapo atakuwa amekusaidia kweli.

Ushauri wa rafiki yako uukatae kabisa. Kozi uliyoitelekeza inabaki imesajiliwa kwa jina lako, utafeli, wastani wako utashuka, na wewe tayari una mbili za kukeri. Vyuo vingi hudisko mtu, yaani humwondoa masomoni, kwa idadi ya kozi alizofeli au kwa wastani ulioporomoka, na hapo hakuna atakayeuliza kama ulikuwa mgonjwa, kwa kuwa hukuwahi kumwambia mtu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo naona wanafunzi wengi hawaambiwi, na ndilo lililonifanya nichague barua yako.

Unachohitaji ni ruhusa mbili. Ya kwanza ni ruhusa ya kusoma chini ya kima, yaani krediti 9 badala ya 12. Ya pili ni ruhusa ya kuendelea kuhesabiwa mwanafunzi wa muda wote ingawa una krediti 9. Ukipewa ya kwanza peke yake, unaweza kujikuta siku moja umebadilishwa kuwa mwanafunzi wa muda, yaani asiye wa muda wote, na hapo mlolongo mzima unaanza kukatika: mfadhili anasema mkataba ni wa muda wote, hosteli inasema vyumba ni vya wa muda wote, bima ya afya ya wanafunzi nayo inasema hivyo hivyo. Kwa mtu mwenye selimundu, kupoteza bima katikati ya muhula ni balaa kubwa kuliko kuchelewa kuhitimu.

Kwa hiyo kwenye barua yako iandike wazi, kwa sentensi yake yenyewe: naomba nisajili krediti 9, na naomba katika muhula huo niendelee kutambuliwa kama mwanafunzi wa muda wote. Vyuo vingi vina utaratibu wa kufanya hivyo kwa mwanafunzi mwenye ugonjwa wa kudumu au ulemavu, lakini hawakufanyii usipoomba. Hata mifumo ya fedha ya nchi inaufahamu utaratibu huu. Kanada, kwa mfano, msaada wa fedha za masomo wa serikali kuu humtaka mwanafunzi wa muda wote awe na angalau asilimia 60 ya mzigo kamili, ila mwenye ulemavu wa kudumu hutambuliwa kuwa wa muda wote akiwa na asilimia 40. Marekani, mikopo ya serikali kuu humtaka mwanafunzi awe walau nusu ya muda, ambayo kwa shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 6 kwa muhula. Akishuka chini ya hapo, miezi 6 ya kusubiri kabla ya kuanza kulipa mkopo huanza kuhesabiwa. Nakupa mifano hii ili uone kwamba kila anayelipa ana mstari wake, na mstari wa mfadhili wako huenda usilingane na wa chuo. Msajili akikubali, mfadhili hajakubali bado.

Kabla ya kusaini chochote, nenda au andika kwa ofisi ya ufadhili, hosteli na bima, uwaulize swali moja tu: nikiwa na krediti 9 kwa ruhusa ya chuo, kwenu nitakuwa nani? Wakujibu kwa maandishi. Kama kuna msomaji mwingine anayesoma nchi ya ugenini kwa viza ya mwanafunzi, yeye aanzie ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kwenda kokote. Kwa viza ya F-1 ya Marekani, ruhusa ya kupunguza mzigo lazima itolewe kabla mwanafunzi hajashuka chini ya kima, na kwa sababu za kiafya haizidi jumla ya miezi 12 katika ngazi moja ya shahada. Aliyeacha kozi kwanza akaomba baadaye ameshavunja masharti ya viza, hata kama alikuwa amelazwa.

Turudi kwako. Kamati inayosoma maombi haya inatafuta majibu matatu: kwa nini, kwa muda gani, na utamalizaje. Wanafunzi huandika kurasa mbili za la kwanza na kusahau mawili yaliyobaki. Nimesoma maombi ya namna hii kwa miaka mingi, na ninayoyakumbuka kuwa yalikataliwa, mengi yalikuwa ya watu wenye shida za kweli kabisa ambao hawakuonyesha njia ya kumaliza. Kamati ikiona uchungu bila mpango, inaogopa kwamba ikikuruhusu leo itakuwa imekusaidia kupotea taratibu.

Mpango wako si mgumu. Tuseme shahada yenu ni krediti 120, na kwa kuwa umefeli kozi mbili una 54 mkononi. Zimebaki 66. Muhula huu 9, zinabaki 57. Ukipata nguvu ya kurudi kwenye 15 kwa mihula mitatu inayofuata, hizo ni 45, zinabaki 12: muhula mmoja zaidi, wenye kozi nne. Umechelewa nusu mwaka. Kama unahisi 15 tena hutaziweza, usiahidi. Andika 12 kwa muhula: krediti 57 kwa mwendo huo ni mihula mitano, minne ya 12 na wa mwisho una 9, kwa hiyo huo wa mwisho nao utauombea ruhusa, na ruhusa ya muhula wa mwisho wenye kozi chache zilizobaki huwa ndiyo rahisi kuliko zote. Chora hilo jedwali, kila muhula na kozi zake kwa majina, liambatishe. Angalia pia kama chuo kina ukomo wa miaka ya kumaliza shahada, maana vingi vinao, na useme kwenye barua kwamba mpango wako uko ndani ya ukomo huo.

Ukichora jedwali utagundua jambo lingine: kozi ipi unaiacha ni muhimu kuliko kozi ngapi. Zile mbili unazokeri, je, kuna iliyo tangulizi kwa kozi za mbele? Je, hutolewa muhula mmoja tu kwa mwaka? Kama ndiyo, hiyo usiiguse, hata ikiwa ndiyo unayoichukia. Ukiikosa sasa unasubiri mwaka, na zote zinazoitegemea zinasubiri nawe, na ule ucheleweshaji wa nusu mwaka unakuwa mwaka na nusu. Angalia pia maabara. Kwenye baiolojia kozi moja yenye maabara ya mchana kutwa hula nguvu ya kozi mbili za mihadhara, na maabara hairudiwi kirahisi ukilazwa. Ukiweza, muhula huu beba maabara moja tu. Kaa na mshauri wako wa masomo juu ya hili, na atie saini kwenye jedwali.

Ripoti ya daktari nayo ina namna yake. Cheti kinachosema "anaumwa, apunguziwe kazi" hakitoshi, kwa sababu kamati haijui apunguziwe kiasi gani wala mpaka lini. Mwombe daktari aandike ugonjwa unakuzuia kufanya nini: kukaa muda mrefu, kuhudhuria mfululizo, kufanya kazi usiku. Aandike kwamba uchovu na kutokunywa maji ya kutosha vinaweza kuchochea maumivu, jambo analolijua vizuri. Kisha aseme mzigo anaoupendekeza na kwa kipindi gani. Ukitaka kumsaidia, mpelekee hesabu ya saa. Kwa hesabu inayotumika Marekani, krediti moja ni kama saa moja ya darasani na saa mbili za kujisomea kila wiki. Kozi tano ni saa 45, nne ni 36, tatu ni 27. Mfumo wa Ulaya unahesabu mwaka kamili kuwa krediti 60, kila moja ikiwa na saa 25 hadi 30 za kazi, kwa hiyo namba hubadilika, lakini hoja ni ile ile: daktari anaelewa zaidi akiambiwa saa kuliko akiambiwa krediti, na kamati inaelewa zaidi ikimsikia daktari akisema "saa 27 kwa wiki anaziweza."

Kuhusu siri yako, nakuelewa, na una haki nayo. Wenzako hawahitaji kujua, na hata wahadhiri wengi hawahitaji. Kama chuo kina ofisi ya huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu, au kitengo cha afya chenye jukumu hilo, ripoti yenye jina la ugonjwa ikae huko. Ofisi hiyo ndiyo iwaandikie wengine barua fupi ya mapendekezo isiyotaja unaumwa nini. Najua neno ulemavu huenda likakukwaza, kwa kuwa unatembea na kucheka kama wengine. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unawataja watu wenye matatizo ya muda mrefu ya mwili au akili ambayo, yakikutana na vikwazo, yanawazuia kushiriki sawa na wengine. Na ibara yake ya 24 inazitaka nchi wanachama zihakikishe marekebisho yanayofaa hadi elimu ya juu. Mlango huo unakuhusu. Ingia bila aibu, mwanangu.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Inaweza kwenda hivi:

"Yah: Ombi la kusamehewa kima cha chini cha krediti, muhula wa kwanza

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Nina ugonjwa wa kudumu ambao mwaka uliopita ulisababisha nilazwe na kukosa majaribio na maabara. Kwa ushauri wa daktari, naomba kusajili krediti 9 badala ya 12 katika muhula huu mmoja, na naomba kuendelea kutambuliwa kama mwanafunzi wa muda wote kwa kipindi hicho. Nimeambatisha mpango wa kumaliza shahada uliosainiwa na mshauri wangu wa masomo. Ripoti ya daktari itawasilishwa tarehe (andika tarehe). Naomba uamuzi utakaotolewa uhesabiwe kuanzia tarehe ombi hili lilipopokelewa. Naendelea kuhudhuria kozi zote nilizosajili nikisubiri jibu."

Usiongeze machozi. Hali yako inajieleza yenyewe.

Baba yako sasa. Hajakosea kuogopa, amekuona hospitali, na mzazi akishaona hivyo anataka mtoto arudi karibu yake. Kuahirisha ni njia halali, na kama daktari angesema huwezi hata saa kumi na tano kwa wiki, ningekuwa upande wake. Lakini mara nyingi aliyeahirisha hupoteza hosteli na bima kwa muda ule, na ufadhili unaweza kusimama. Na selimundu haiishi kwa mwaka wa mapumziko. Mwonyeshe jedwali. Mwambie baba, ukimpa heshima yake, kwamba unaomba njia ya kati: muhula mmoja mwepesi, na mkifika mwisho wake mtakaa pamoja kuangalia matokeo na afya. Mwahidi pia kwamba maumivu yakizidi katikati, utaahirisha kabla ya mitihani na si baada yake. Hiyo ahadi itimize.

Wakikukatalia, omba sababu kwa maandishi na uliza rufaa inapelekwa wapi na ndani ya siku ngapi. Mara nyingi kinachokosekana ni kitu kimoja, kama kipindi ambacho daktari hakukitaja, na kikiletwa jibu hubadilika. Rufaa ikishindikana kabisa, baki na 12 lakini zichague upya: kozi mbili nzito, mbili nyepesi, maabara moja. Uliza pia kama chuo kina muhula wa likizo ambako unaweza kusogeza kozi moja, na kama krediti za likizo zinahesabiwa kwenye kima; kuna vyuo vinavyozihesabu na visivyozihesabu.

Ukikubaliwa, soma barua ya kibali mpaka mstari wa mwisho. Kwa kawaida ni ya muhula mmoja, na haijirudii yenyewe. Nakala moja ipeleke kwa mfadhili, moja hosteli, moja bima, wote kwa wiki ile ile. Kisha ingia kwenye akaunti yako ya usajili uangalie kama kweli imeandikwa krediti 9 na muda wote. Isipobadilika baada ya wiki moja, rudi kwa msajili na barua yako mkononi, na muhula unaofuata anza kuomba mapema, wiki ya kwanza, kama bado utauhitaji.

Shangazi